Yule jamaa wa kona ya mlima Kitonga leo kavuka mpaka!

Wakuu, sitaji jina, mnamjua. Yule mwenye stika mbavu zote za gari na miwani ya jua hata kwenye ukungu. Leo kasimama KITONGA. Kwenye KONA. Semi lenye matairi 22 linapanda na mzigo kamili, yeye kashuka anapiga picha bonde! Kapigiwa honi, kajibu: "Una haraka? Pita juu!"

Pita juu! Upande huu mwamba, upande ule korongo, semi lipite juu!

Semi likisimamishwa pale haliondoki kama bodaboda. Dereva anaingiza gia ya kwanza, klachi inateleza mpaka inanuka, tairi zinazunguka bure. Likirudi nyuma kidogo tu, tela linajikunja, na kuanzia hapo Iringa mtaisikia redioni. Yote kwa sababu ya picha. Kwenye kona!

Fundi Gereji: Huyo huyo akishuka anaweka nyutro, eti anabana mafuta. Injini za kisasa zikishuka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, zinakata mafuta zenyewe. Nyutro ndiyo inakunywa mafuta ili injini isizime! Halafu anakanyagia breki mlima mzima, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Otomatiki weka L au 2, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, rudia.

Kiti cha Mbele: Mkuu, umelia kuliko hiyo klachi.

Mleta uzi: Kasema PITA JUU!

Kiti cha Mbele: Ungepita.

Mama Noah: Breki zikishanuka msizimwagie maji, diski inapinda, ngoma inapasuka. Tafuta tambarare, weka kigingi chini ya tairi, usivute hendbreki kwenye breki za moto, subiri. Na rejeta ikichemka mfuniko usiguswe, hata kama konda anajifanya fundi.

Tambarare: Mnamwonea mpiga picha. Kero ni nyie wa malori! Likiharibika mnaweka mawe chini ya tairi na matawi barabarani. Likipona, hao! Mawe mmeacha. Usiku jiwe halina taa.

Utingo Mstaafu: Mawe lazima, hendbreki peke yake mlimani ni kamari. Kuyaacha ndiyo ushenzi. Ila na nyie wa gari ndogo mnaovateki semi linaloshuka, mnachomeka mbele, mnakanyaga breki. Dereva wa semi anashuka kwa breki ya eksozi, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo. Mkimlazimisha kupampu breki za upepo, upepo unaisha haraka kuliko kompresa inavyojaza, kisha tairi zinajifunga zenyewe.

Mama Noah: Na wanaorushia nyani ndizi Mikumi? Kibao kinasema punguza mwendo, nyani wamekaa katikati ya lami wanasubiri huduma, gari la nyuma linakuja na 110.

Tambarare: Bora nyani. Wanaosimama Ruaha Mbuyuni bila indiketa, wakiona tu kitunguu?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye KONA.

Kiti cha Mbele: Vitunguu vipoje safari hii?

Utingo Mstaafu: Binya shingo. Ikiwa laini na mbichi, kitaanza kuoza kwenye gunia. Chagua chenye shingo iliyokauka, na fungua gunia mpaka chini, juu wanapanga vizuri tupu.

Fundi Gereji: Gunia usilaze karibu na eksozi.