Mtafsiri ameiharibu Kahaani: stelingi ni mwanamke, yeye kamfanya msindikizaji

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira ambayo nimeipa siku tatu ipoe, na haikupoa. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye duka moja la filamu hapa Tanga, nikalipa shilingi 1,000 na kuwekewa kwenye flashi filamu ya Kihindi iitwayo Kahaani, toleo lililotafsiriwa kwa Kiswahili, yaani lile ambalo mtafsiri mmoja huzungumza juu ya filamu na kuigiza sauti za wahusika. Filamu yenyewe naijua, kwani niliiangalia miaka kadhaa iliyopita kwa Kihindi chake, nikisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya kioo. Safari hii nilitaka aione mama yangu, ambaye amekuwa mpenzi wa filamu za Kihindi tangu enzi za majumba ya sinema, ila Kiingereza hakijui na maandishi yale hupita upesi kuliko macho yake. Watakaoniambia nitafute ya asili na niache kulalamika, jibu lao ni hilo.

Kwa wasioifahamu, Kahaani, yaani "hadithi", ilitoka Machi 2012 chini ya mwongozaji Sujoy Ghosh. Mhusika mkuu, yaani stelingi, ni Vidya Bagchi, aliyeigizwa na Vidya Balan, mhandisi wa programu za kompyuta anayewasili Kolkata kutoka London akiwa na mimba kubwa, akimtafuta mumewe Arnab aliyekuja huko kikazi kisha akapotea. Kutoka uwanja wa ndege haendi hotelini, anakwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Hana ndugu mjini, wala hapigi watu mateke kama tulivyozoea, lakini uchunguzi wote unasukumwa na yeye. Askari kijana Satyaki Sinha, ambaye watu humwita Rana, anamsaidia na kumfuata. Narudia: anamfuata.

Sasa, hadithi nzima imesimama juu ya jambo moja ambalo mtazamaji hatakiwi kulijua hadi dakika za mwisho. Bwana mtafsiri alilitamka hata teksi haijafika kituoni. "Mtazamaji, huyu mama usimwone hivi," alianza, kisha akaimwaga siri yote, ambayo sitairudia hapa kwa sababu wapo kati yenu ambao hawajaiona. Mama alinigeukia akaniuliza, "Sasa tunaangalia nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Lililonikera zaidi ni jina. Katika filamu, jina la huyu mwanamke ni vita ndogo isiyokoma. Wenyeji wa Kolkata, kwa matamshi yao ya Kibengali, humwita "Bidya", naye huwasahihisha bila kuchoka kwamba yeye ni Vidya. Rana humweleza pia kwamba kila Mbengali ana majina mawili, moja la nyumbani na moja la shughuli rasmi, jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa, kwa maana nani kati yetu hana jina ambalo shangazi zake pekee ndio wanaolitumia? Mtafsiri aliyaruka yote hayo, akamwita "Mama Kijacho" mwanzo hadi mwisho. Mwanamke anayedai kwa saa mbili atamkwe kwa jina lake, sisi tumempa jina la tumbo lake.

Kisha akamnyang'anya na kazi yake. Kuna sehemu ambapo Vidya anaingia kwenye kompyuta ya Sridhar, mkubwa mmoja katika ofisi ambayo Arnab alisemekana kufanya kazi. Mwenye ujuzi huo ni Vidya, na ndiyo sababu filamu ilimpa taaluma ile tangu mwanzo. Katika toleo letu, sauti ya Rana iliyotungwa na mtafsiri ikawa inamwelekeza: "Bonyeza hapo, dada, sasa fungua hilo faili." Kijana hakusema hayo hata kidogo. Nadhani kwa bwana huyu stelingi ni lazima awe mwanamume, na asipomwona atamtengeneza. Mama, ambaye alikuwa akisikiliza kwa makini sana, aliuliza baada ya sehemu hiyo huyu mwanamke ana kazi gani humu ndani zaidi ya kulia mume.

Nikiri kwamba tatizo hili halikuanzia kwetu. Filamu hii ilipotengenezwa upya huko India Kusini mwaka 2014 kwa jina la Anaamika, mimba iliondolewa kabisa, na sijapata kuelewa mtu atabakije na hadithi ileile baada ya kufanya hivyo. Lakini wale walitengeneza filamu yao. Huyu wa kwetu ameshika filamu ya mwenzake.

Halafu yupo Bob Biswas, muuaji wa kukodiwa. Mchana ni wakala wa bima ya maisha, mnene, mpole, mwenye miwani, ambaye bosi wake humkaripia ofisini kwa uzembe. Anapotaka kuua, hutoa salamu kwanza, "Nomoskar", kama jirani anayepiga hodi, na hofu yote imo katika upole huo. Mtafsiri alimpa sauti ya kunguruma na kicheko cha majambazi wa filamu za mapanga. Hakuna aliyeogopa sebuleni kwetu, na mpwa wangu wa miaka tisa alicheka.

Sehemu moja simlaumu. Katika nyumba ya wageni anakofikia Vidya kuna ahadi ya maji ya moto ambayo kwa Kiingereza "hukimbia", yaani hutoka bombani, na kumbe anayekimbia ni mtoto Bishnu, anayetumwa kuyaleta. Mzaha huo haushikiki kwa Kiswahili, na angeweza kuupita. Aliupita.

Lakini mtafsiri hakutakiwa kumpita Durga. Mambo yote haya yanatokea mjini Kolkata wakati wa sherehe za Durga Puja, na si pambo. Durga ni mungu wa kike mwenye mikono mingi anayemuua Mahishasura, pepo ambaye miungu wa kiume walimshindwa, na filamu inafikia kilele siku ya mwisho ya sherehe, wanawake wamevaa sari nyeupe zenye pindo jekundu, wakipakana rangi nyekundu usoni. Asiyejua Durga ni nani ataona umati tu. Sentensi mbili zingetosha kumweleza mtazamaji. Tulichoambiwa ni kwamba "Wahindi wana sikukuu yao", kisha tukasomewa namba ya simu ya studio kwa wanaotaka kutangaza biashara.

Namba hiyo ilisomwa tena juu ya wimbo. Ekla Chalo Re ni utunzi wa mshairi wa Kibengali Rabindranath Tagore wa mwaka 1905, unaosema kwamba wasipouitikia wito wako, basi nenda peke yako, na humu umeimbwa na Amitabh Bachchan mwenyewe. Mama aliinua mkono tunyamaze. "Hiyo si sauti ya Amitabh?" Ndiyo kwanza anaitambua, mara bwana mtafsiri akaingia na tangazo lake, tukasikia mitandao yote ya simu anayopatikana, hadi wimbo ukaisha.

Watafsiri hawa wamefanya kazi kubwa, nami nisingeijua nusu ya filamu za utotoni bila wao. Hakuna anayedai neno kwa neno, na utani wao tunaupenda. Ila niliporudi dukani kudai fedha yangu, muuzaji aliniambia kwamba wateja wote wameifurahia na ni mimi peke yangu niliyekuja na maneno. Fedha sikurudishiwa.

Jumatatu usiku nilipata nakala ya asili, nikaketi na mama nikimtafsiria mwenyewe huku nikiisimamisha kwa rimoti kila baada ya mazungumzo. Filamu ya dakika 122 ilituchukua zaidi ya saa tatu na koo likanikauka. Tulipofika kwenye wimbo nilifungua mdomo nianze kueleza, mama akanishika goti na kuniambia, "Hapa usiseme kitu."

Siri ya mwisho sikuweza kumrudishia, kwa kuwa alishaambiwa. Yeyote anayemjua mtafsiri asiyemwaga hadithi kabla ya wakati wake, na asiyeona tabu mwanamke kuwa stelingi, naomba aniandikie hapa chini. Mama ameshaniuliza mara mbili tutaangalia nini Jumamosi.