Naomba ushauri: gari gani lililotumika litavuta tela na kubeba familia?

Wakuu, habari zenu. Natafuta gari lililotumika, la watu saba, litakalovuta pia tela la mahindi na mbao. Tela likijaa linafika kama tani moja na nusu. Njia yangu ni Iringa hadi Morogoro, hivyo mlima wa Kitonga haukwepeki, na kushuka kunanitia hofu kuliko kupanda.

Toyota Harrier nimeiondoa, haina chesisi inayojitegemea (fremu ya chuma chini ya bodi); kwa kazi hii itateseka tu. Moyo uko kwa Toyota Prado 120 ya dizeli, injini ya 1KD, lita 3.0. Ila mafundi wananionya kuhusu injekta (zinazopuliza dizeli ndani ya injini): washa zake, yaani pete za kuziba, zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili. Mnaoimiliki, nimwambie fundi afungue sampo kabla sijalipa, au kuna dalili nyingine ya kuaminika? Na ile ya petroli, 2TR ya lita 2.7, itaumudu mzigo huo mlimani?

Otomatiki au manyu? Watoto watakuwa ndani, kwa hiyo breki ndizo za kwanza kwangu.