Hivi msoto wa utotoni ndo unamfanya mtu atoboe ukubwani?

MamaWawili:
Wakuu habari zenu. Naomba tujadili hili maana nyumbani limeleta ubishi mpaka basi. Mume wangu kakulia maisha magumu, kalelewa huku na huku kwa ndugu, shule kasoma kwa kuungaunga, leo hii namshukuru Mungu ana kazi nzuri na watu wanamheshimu. Sasa yeye anaamini kabisa kilichomfikisha hapo ni ule msoto, kwa hiyo watoto wetu nao anataka wauonje, mtoto akiomba kitu hata kama kipo ananyimwa makusudi ili akomae, akilia hakuna kubembelezwa. Anasema angalieni watu wote wakubwa duniani, utotoni walisota. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila nashindwa kukieleza. Mwenye uelewa anisaidie, na tafadhali msimseme vibaya, ni baba anayewapenda sana wanawe.

Mpambanaji_Halisi:
Dada mimi namuelewa shemeji kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyelelewa kama yai akikutana na dunia anapasuka. Mcheki Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa TV, kazaliwa 1954 huko Mississippi kwenye umaskini, kaanza kufanyiwa ukatili akiwa na miaka 9, ana miaka 14 kapata mimba na mtoto akafariki, na bado akaja kuwa mmoja wa wanawake matajiri zaidi Marekani. Angedekezwa angefika pale?

Nuru_ya_Malezi:
Mkuu, kwa Oprah umeruka sehemu muhimu. Bibi yake ndo alimfundisha kusoma angali mdogo kabisa kabla hata ya shule, halafu akiwa na miaka 14 akaenda kuishi Nashville kwa baba yake, mzee mkali wa masomo, anamsomesha vitabu na kumtaka aandike alichosoma. Ukiondoa hao wawili ukabakiza ukatili peke yake sidhani kama tungelijua jina lake leo.

Halafu kuna kosa tunalifanya wote, tunawahesabu waliotoboa tu. Waliopita shida zilezile wakaishia njiani hakuna anayewahoji. Kuna mtafiti anaitwa Emmy Werner, yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu wachanga mpaka utu uzima. Wale waliokulia mazingira magumu kwelikweli, umaskini, ugomvi wa wazazi, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, karibu theluthi moja ndo walikua wakawa watu wazima imara, wengi wa waliobaki walishapata matatizo makubwa kabla ya miaka 18. Na hao theluthi moja walikuwa na nini? Pamoja na mambo mengine, karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemshika mkono, bibi, shangazi, mwalimu, yeyote yule. Kwa hiyo dada muulize baba watoto, kule alikolelewa huku na huku, nani alikuwa anamuuliza kama amekula? Lazima yupo. Huyo ndo anatakiwa awe yeye kwa wanawe.

Kalamu_Nzito:
Niongezee, maana hata kutoboa kwenyewe tunakuangalia kwa nje tu. Charles Dickens yule mwandishi wa Uingereza, mwaka 1824 akiwa na miaka 12 alipelekwa kiwandani London kubandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu kutwa nzima, na mwaka huohuo baba yake akafungwa kwa madeni. Baba katoka jela, mama bado anataka mtoto arudi kiwandani, na hilo ndo hakuwahi kulisahau. Akawa tajiri, maarufu dunia nzima, lakini ile habari aliificha, watoto wake mwenyewe waliijua baada ya yeye kufa kupitia rafiki yake aliyeiandika. Na alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, afya imeshaharibika bado anazunguka kusomea watu jukwaani, kafariki 1870 ana miaka 58.

Kuna utafiti wa madaktari wawili, Felitti na Anda, uliotoka 1998 Marekani, nao ulionyesha hivyohivyo, aliyepitia mateso ya aina nyingi utotoni ukubwani yuko kwenye hatari zaidi ya ulevi, sonona, hata magonjwa ya moyo, na waliohojiwa wengi walikuwa watu wenye bima na elimu nzuri tu, wale tungesema wametoboa. Mheshimu shemeji kwa alichovuka, ila mwangalie pia kama anaweza kupumzika siku moja bila kuhisi kila kitu kitaporomoka.

Mti_Mkavu:
Mimi naona tunachanganya kumpa mtoto majukumu na kumnyima. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alikua kijijini Nyeri, anatumwa kuni na maji kama watoto wote, ila mama yake alimwambia kuni za mkuyu haziokotwi kwa sababu ule ni mti wa Mungu. Pembeni ya ule mti kulikuwa na kijito, anachezea mayai ya vyura akidhani atatengeneza mkufu. Kaja kurudi mtu mzima mti umekatwa na maji yamekauka. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati za kupanda miti, na 2004 akapewa Nobeli ya Amani. Kazi alipewa, na upendo alipewa.

MamaWawili:
Asanteni sana, nimemsomea yote jana usiku. Kazi za nyumbani kasema watoto wataendelea kufanya na hapo tumekubaliana. Lile swali la nani alikuwa anamuuliza kama amekula, kamtaja mama mdogo wake palepale bila kufikiri. Sasa kinachoniumiza ni mkubwa wetu, siku hizi haombi kitu chochote, nimemkuta penseli imebaki kipande hata vidole havikai anaandika hivyohivyo, baba yake alikuwa anafurahi anaona amekomaa. Huyu tunamrudishaje?

Nuru_ya_Malezi:
Dada usimwambie "ukitaka kitu uniombe", atakuitikia tu na hataomba. Baba mwenyewe akague begi lake kila jioni, kilichoisha akibadilishe kabla hajaombwa, wala asimhubirie. Itachukua muda kidogo. Siku atakayokuja mwenyewe kuomba hata kitu cha kijinga, mpeni kwanza, habari ya nidhamu iko siku nyingine.