Triga ya slaidi kuu kwenye yufoniamu: itatuliza G ya juu?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Yufoniamu (ala ya shaba ya kupuliza, kama tuba ndogo) ni ya vali nne yenye kompenseta (mirija ya ziada inayorekebisha noti za vali 4 ikipigwa na nyingine), tunasoma ufunguo wa trebo. C ya ndani ya stafu iko sawa kabisa, ila F ya mstari wa tano, F-shapu na G juu yake zinapanda senti 15 hadi 25 (senti 100 ni nusu toni). E iliyo chini yao inashuka kidogo. Nikivuta slaidi kuu (mrija wa kutuni ala nzima) G inatulia, halafu zingine zote zinalala, yaani zinakuwa chini. Triga (mkono wa gumba unaosukuma slaidi hiyo nje ukiwa unapiga) itasaidia? Iliyopo inagoma kurudi.

Bendimasta
Mkuu, noti hizo tatu zote zinatoka kwenye sauti ya asili ya 6, yaani ya sita kati ya zile bomba linazotoa kwa midomo tu bila kubadili urefu. Kwa hesabu tupu inazidi senti 2 tu. Senti hizo nyingine ni umbo la bomba la yufoniamu, ndiyo maana hata Besson Prestige na Yamaha YEP-842TS zinakuja na triga. Kuzishusha kwa midomo inawezekana, lakini sauti inakonda.

Bomba la B-flati lina takriban mita 2.8, na slaidi ina miguu miwili. Kwa hiyo kila milimita 1 unayosukuma inashusha kama senti 1.25. G ya senti 20 inataka milimita 16 hivi. F, kwa kuwa vali 1 imerefusha bomba, inataka zaidi kidogo. Bandika kipande cha utepe kwenye mguu wa slaidi, weka alama, gumba litazoea.

Tuni C triga ikiwa imepumzika. Ukitaka slaidi ipumzike mahali pengine, mifumo mingi ina skrubu ya kituo (pale slaidi inapokomea): legeza, sogeza, kaza. Usitumie gumba kama kituo, litachoka kabla ya ubeti wa pili.

E ni habari nyingine. Triga inashusha tu, haipandishi. Ipige kwa vali 1 na 2: itapanda, mara nyingi kupita kiasi, hapo ndipo triga inapoirudisha.

Vali4
Kabla ya kuhangaika na gumba, jaribu G kwa vali 4 peke yake na F-shapu kwa 2 na 4. Hapo unatumia sauti ya asili ya 8, ambayo haina ugonjwa wa ya 6. Ila tuni slaidi ya vali 4 kwanza, la sivyo unabadilisha kosa kwa kosa. Sauti inakuwa nzito kidogo, kwa noti ndefu ya polepole haisumbui. Kwenye noti za nane za haraka mimi sigusi triga wala vidole mbadala. Hakuna sikio litakalokamata senti 15 hapo.

Bendimasta
Kwa G nakubali. Lakini G ikifuatana na E huru (bila vali), kuruka kwenda vali 4 kunakata legato (noti kuungana bila mkato). Hapo triga inashinda.

Fundi_Shaba
Kuhusu kugoma: watu hukimbilia kubadili springi, na springi mara nyingi haina kosa. Kwanza angalia umepaka nini. Grisi nzito ya slaidi za kawaida haifai hapa. Ifute yote, osha miguu na mirija yake kwa maji vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta mepesi ya slaidi.

Kisha ondoa slaidi kwenye mkono wa triga. Ingiza mguu mmoja peke yake, halafu wa pili peke yake. Kila mmoja ukiteleza vizuri lakini yote miwili pamoja inakwama, miguu haiko sambamba. Usiikunje kwa mkono wala kuisugua kwa msasa: msasa ukila shaba, hewa itavuja na noti za chini zitapoteza kiini. Mpelekee fundi aifungue lehemu na kuipanga upya.

Ikiteleza vizuri ndipo uilaumu springi. Dalili yake: slaidi inabaki nje milimita 3 au 4 na bendi nzima inakuona uko chini. Mlio wa «tak» inaporudi ni koki (kizibo laini) au mpira wa kituo umeisha.