FAMILIA YA BABU, KIZOTA: Mlenda wa Baba Mkubwa

*Mama Mdogo Rehema:* Bwana asifiwe familia. Kaka hajalala usiku kucha. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba na kimeiva wekundu, hata shuka likigusa anapiga kelele. Majibu ya maabara yametoka, asidi ya yuriki 8.9 mg/dL.

*Shangazi Tabu:* Poleni jamani. Mwondoleeni kunde na mchicha leo hii hii. Na mlenda. Jirani yangu aliambiwa mboga ndizo zinaleta jongo, huu ugonjwa wa viungo wa asidi ya yuriki.

*Baba Mkubwa:* Maharage nimeshanyimwa tangu Pasaka. Nimebaki na ugali wa uwele na mtindi.

*Neema:* Shikamooni wazazi wangu. Pole sana Baba Mkubwa. Shangazi, naomba niseme, maana hili linaniuma. Mlenda urudi mezani. Kunde na mchicha zina purini, ni kweli, na purini ndiyo mwili unaigeuza asidi ya yuriki. Lakini kule Marekani walifuatiliwa wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, matokeo yakatolewa 2004. Waliozidisha nyama na samaki ndio walioumwa zaidi. Mboga zenye purini hazikuongeza hatari. Maziwa, hasa yasiyo na mafuta mengi, yaliipunguza. Huo mtindi usiache.

*Elia:* Sasa mbona anaumwa na maharage hagusi?

*Mama Mdogo Rehema:* Jumamosi alikuwa mnadani Msalato. Maini, figo za mbuzi, bia. Jumapili tena soda mbili.

*Neema:* Basi ni hapo. Maini na figo zina purini nyingi mno, dagaa pia. Bia ina purini zake, halafu pombe inazuia figo kuitoa asidi kwenye mkojo. Soda nayo, nusu ya sukari ile ni fruktosi, na ini likiivunja linazalisha asidi hiyo hiyo. Ikishapita kama 6.8 kwenye damu inaweza kuanza kuganda chembechembe zenye umbo la sindano ndani ya kiungo. Ndiyo maana shuka tu linamliza.

*Shangazi Tabu:* Na rozela je? Nilitaka nimchemshie, na ubuyu.

*Neema:* Anywe, sukari usijaze. Ila visichukue nafasi ya dawa. Chakula peke yake hushusha kidogo tu, na kwa 8.9 daktari ataangalia kama aanze alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, ili ifike chini ya 6.

*Baba Mkubwa:* Marahaba mwanangu. Na hivi vidonge vya presha nimeze?

*Neema:* Meza kama ulivyoandikiwa Baba, usiache mwenyewe. Ila vile vya kukojoza vinaweza kupandisha asidi, kwa hiyo beba pakiti zote tukienda kliniki Jumatatu, daktari aone kama kuna cha kubadilisha. Na diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, usinunue, kwa mwenye presha zinaweza kuumiza figo.

*Elia:* Jumatatu naleta gari saa moja asubuhi.

*Shangazi Tabu:* Nina unga wa mlenda kutoka Kongwa, nauleta jioni. Karanga niweke?

*Neema:* Weka Shangazi. Magadi tu ndiyo uyapunguze sana, yana sodiamu kama chumvi na presha yake tunaijua.