Ameweka kikombe cha chai juu ya riwaya niliyoipendekezea maktaba

Wanajukwaa, nawasalimu, ingawa ninaandika nikiwa na hasira, kwa kuwa kikao cha shule kimevunjika saa tisa, sasa ni saa kumi na moja, na mkono wangu bado unatetemeka. Sitamtaja mtu. Hakuna haja ya kumtaja, kwa maana mnamjua: ndiye anayeketi karibu na dirisha, ndiye anayefungua kila kikao kwa kutukumbusha kwamba yeye alisoma wakati shule zilipokuwa shule, na tangu nimfahamu sijapata kumwona ameshika kitabu chochote isipokuwa kitabu cha risiti.

Mwezi mzima nimekuwa nikiandaa orodha ya riwaya za kununuliwa kwa ajili ya maktaba yetu, wasomaji wakiwa vijana wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Sikuokota majina barabarani. Kila kitabu nilikisoma usiku, baada ya kusahihisha madaftari, hadi ukurasa wa mwisho, nikaandika pembeni kinamfaa nani na kwa sababu gani. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ana miaka 13 au 14. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, na sasa anafundishwa kila kitu kwa Kiingereza mpaka anasahau kwamba kusoma kunaweza kuwa raha. Huyo nilimtafutia riwaya za Kiswahili zenye sura fupi na safari ndani yake. Ndiyo maana nilinunua kwa fedha zangu nakala ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, habari za kijana wa Tanga anayefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, kisha akaenda kumtafuta baba yake hadi Kitale nchini Kenya. Niliiweka mezani iwe mfano.

Akaichukua. Hakuifungua. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akailaza, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Chai ya maziwa, kikombe kinachuruzika! Halafu akasema, "Watoto wasome vitabu, si hadithi," na kikao kikaendelea na ajenda ya uzio.

Juu ya jalada, ndugu zangu. Meza ile ina urefu wa kutosha kutua ndege, visahani vilikuwapo sita, na bado kikombe kikatafuta kitabu changu.

Lau angalikuwa na hoja, ningalimjibu. Angaliuliza kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kuzuiwa mashuleni kisha ikaja kufundishwa, ningalimweleza kwamba sikuiweka, kwa kuwa binti anayepigwa na baba yake kwa ajili ya barua, na mwisho wake ukawa kujiua, ni habari inayohitaji msomaji mkubwa na mwalimu aliye karibu. Angaliuliza kwa nini Peponi, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, nimeipeleka Kidato cha Nne ilhali Yusuf anapochukuliwa kwa deni la baba yake ana miaka 12 tu, ningalimwambia kwamba umri wa mhusika si umri wa msomaji. Hakuuliza. Alikunywa chai. Na alipokiinua kile kikombe, duara la chai lilibaki juu ya jalada kama mhuri wa ofisi, na ndiyo saini pekee ambayo orodha yangu imepata.

Nimelifuta kwa leso. Halitoki.

Mkutubi wa Bara: Pole sana, mwalimu. Wa kwetu yeye hatumii kikombe, anatumia kufuli. Riwaya zilizoletwa zilifungiwa kabatini ofisini kwake ili zisichakae, naye alipohamishwa akaondoka na ufunguo. Tulipovunja kabati tulikuta mchwa wamemaliza kusoma zote.

Mzee wa Kona: Ndugu mleta uzi, nimesoma andiko lako mara mbili. Kikombe nimekiona kila mahali, lakini orodha yenyewe sijaiona. Umetutajia riwaya moja unayoitaka, nyingine usiyoitaka, na ya tatu ya kubishania umri. Huenda bwana yule alikuwa na kiu tu.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Orodha ina majina 32 na nitaiweka hapa nikitulia. Lakini kiu haimfanyi mtu akose kuona kitabu. Aliitazama riwaya kwanza, ndipo akaweka kikombe. Aliitazama!

Mama wa Mabinti Watatu: Mimi nasema kama mzazi, na nitasema wazi. Binti yangu wa Kidato cha Kwanza alirudi likizo na hiyo hiyo Rosa Mistika, ameiazima maktaba ya shule, na usiku akaja chumbani kwangu analia. Si kwamba ni kitabu kibaya. Mimi mwenyewe nilikisoma nikiwa mkubwa na nilikipenda. Lakini nani alimpa bila kumwuliza ana miaka mingapi? Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni mwezi Februari 2023, ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo, angalau majina yalitajwa na kila mmoja akajua la kubishania. Shuleni kwa binti yangu hakuna orodha, hakuna alama ya kidato mgongoni mwa kitabu, wala mtu wa kuulizwa.

Mkutubi wa Bara: Mama, hapo umesema kweli. Sisi tulibandika karatasi za rangi mgongoni, kijani kwa vidato viwili vya chini na nyekundu kwa vya juu, na sasa watoto wote wanataka nyekundu.

Muuza Vitabu: Mnalalamikia chai, mimi nalalamikia vijitabu vya uchambuzi. Mwanafunzi anakuja dukani, anaitaka Takadini, namtolea riwaya, anairudisha na kusema anataka ile nyembamba yenye dhamira na wahusika. Hajui kwamba Sekai alimkimbiza mwanawe mwenye ualbino usiku ili asiuawe. Anajua tu kwamba swali lina alama ngapi. Hata mkijaza maktaba hadi darini, mtihani ukiulizwa kutoka kwenye kijitabu, riwaya itabaki dukani kwangu.

Mzee wa Kona: Na durufu je? Riwaya mnayoinunua kihalali shule nyingine inaitoa kopi kurasa mbili mbili, maandishi yamepinda, na mwandishi hapati hata senti.

Mama wa Mabinti Watatu: Durufu ya binti yangu wa pili iliruka sura nzima. Alifanya jaribio akaeleza kwamba mhusika alikufa, kumbe alisafiri.

Mkutubi wa Bara: Afadhali durufu iliyoruka sura. Kwetu wanachana kurasa za mwisho. Kitabu kinazunguka bweni zima, kila mtu anafika penye utamu, kisha hakuna mwisho, na wanakuja kuniuliza mimi niwasimulie. Tafadhali, mwenye nakala nzima ya Siku Njema anipigie picha kurasa tano za mwisho, nina wasichana wanane wanaosubiri tangu Jumatatu.

Muuza Vitabu: Ninayo nzima hapa dukani. Ichukue kama zawadi, niandikie kwa siri nikuelekeze basi la kuituma.

Mkutubi wa Bara: Nimekuandikia. Ahsante sana. Ukiweza, ifunge kwa nailoni, mvua imeanza huku.