Mrejesho: mama kuumwa mwili mzima na vipimo havionyeshi kitu

Habari zenu wapendwa. Mtakumbuka niliuliza kuhusu mama yangu: mwaka mzima mwili wote unamuuma, analala lakini anaamka amechoka, na kila akipimwa damu anaambiwa hana kitu. Nyumbani wengine walishaanza kusema anajidekeza.

Mlionishauri nimpeleke kwa daktari bingwa wa viungo, asanteni sana. Ni fibromayaljia. Daktari alitueleza kwamba misuli haijaharibika. Ubongo na mishipa ya fahamu ndivyo vinavyokuza maumivu, ndiyo maana vipimo vinatoka safi. Mama alilia pale pale, kwa kuaminiwa tu.

Amepewa amitriptilini, dawa ya kupunguza maumivu na kusaidia usingizi, dozi ndogo ya usiku, lakini tumesisitiziwa zaidi mazoezi. Tulianza na dakika 5 za kutembea, hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Zamani siku akipata nafuu alikuwa anafua nguo zote, kesho yake hainuki kitandani. Sasa anafua ndoo moja, anapumzika.

Maumivu bado yapo. Ila juzi nimemkuta amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi mwenyewe.